Somo: Kupanga Misimbo Uliyokwisha Kuiandika na Kuipata Unapoihitaji Tena

Kila aandikaye programu kwa muda hufika mahali anapohitaji kitu alichokwisha kukiandika, anajua kwamba kipo, lakini hakumbuki kilikuwa katika mradi gani wala alikiita jina gani. Mwishowe hukiandika upya, na pamoja nacho huyarudisha makosa aliyokuwa ameshayasahihisha. Somo hili litafuata mfano mmoja tu, nao ni fanksheni (kipande cha msimbo kinachofanya kazi moja) ya kusawazisha namba za simu, kwa sababu ni vigumu kuupata mradi wa hapa kwetu, uwe wa SACCOS, wa zahanati au wa duka, usioihitaji. Mtu mmoja huandika 0700 000 000, mwingine +255 700 000 000, na orodha iliyopitia Excel huja na 700000000 kwa kuwa sifuri ya mwanzo imeliwa, ilhali hifadhidata inataka umbo moja.

Hatua ya kwanza: Tenganisha msimbo na mradi wake.

Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi. Fanksheni inayosoma namba moja kwa moja kutoka kwenye jedwali la wanachama, ikaisafisha, kisha ikairudisha humo humo, haiwezi kuhama. Iandike upya ili ipokee namba na msimbo wa nchi, irudishe namba iliyosawazishwa au itoe kosa lililo wazi, na isijue chochote kuhusu mteja, jedwali au seva. Ondoa pia nywila na funguo za siri kabla hujahifadhi chochote, kwani Git, programu ya kutunza kumbukumbu za mabadiliko ya mafaili, hutunza historia yote, na neno ulilolifuta leo litaendelea kuonekana katika mabadiliko ya jana.

Hatua ya pili: Kuwe na hazina moja ya Git.

Fungua hazina moja tu, yaani folda kuu inayosimamiwa na Git, na ndani yake upange folda kwa kazi inayofanywa: simu, tarehe, fedha, ripoti. Usipange kwa jina la mteja wala kwa mwaka, maana siku ya kutafuta utakumbuka shida uliyokuwa nayo, si mtu aliyekulipa. Folda za ngazi moja zinatosha.

Hatua ya tatu: Andika maelezo kwa maneno utakayoyatafuta.

Hapa naomba msomaji atulie, kwa kuwa utafutaji wote unategemea hatua hii. Jina la fanksheni halitoshi. Leo umeiita sawazisha_namba, lakini baada ya miezi kadhaa utatafuta «simu», au «mawasiliano», au «sifuri ya mwanzo», na hutapata kitu. Kwa hiyo mwanzoni mwa faili andika maelezo ya namna hii:

# Husawazisha namba za simu za mkononi za Tanzania (255) na Kenya (254).
# Huondoa nafasi, vistari, alama ya kujumlisha na sifuri ya mwanzo.
# Haikagui kama namba ipo hewani.
# Maneno mengine: mawasiliano, msisdn, orodha ya Excel, SMS

Mstari wa tatu una thamani kubwa kuliko unavyoonekana, kwa sababu unaeleza kile ambacho msimbo haufanyi, na hivyo unakuokoa usiutegemee kwa kazi isiyo yake. Mstari wa mwisho ni kwa ajili ya utafutaji tu (msisdn ni jina la kitaalamu la namba ya simu). Kila unapotafuta kwa neno fulani ukakosa, kisha ukaupata msimbo kwa njia nyingine, liongeze neno lile papo hapo.

Hatua ya nne: Weka jaribio kando yake.

Jaribio, yaani msimbo mfupi unaohakikisha kwamba fanksheni inatoa majibu sahihi, likusanye maumbo yote ya ajabu uliyowahi kukutana nayo. Kenya, kwa mfano, namba za simu za mkononi zilianza na 07 kwa miaka mingi, lakini sasa zipo pia zinazoanza na 01. Fanksheni inayokubali 07 pekee itawakataa wateja halali. Mtu anayesoma jaribio lililoandikwa vizuri huelewa matumizi ya msimbo bila kuhitaji mwongozo mwingine.

Hatua ya tano: Tafuta.

Ndani ya hazina, andika amri hii:

git grep -n -i "sifuri ya mwanzo"

Amri hiyo huonyesha faili na namba ya mstari, bila kujali herufi kubwa na ndogo. Ikiwa msimbo ulikwisha kufutwa, tumia:

git log --all -S"sawazisha_namba"

Hii hupekua matawi yote (njia sambamba za kazi ndani ya hazina) na kutaja kila badiliko ambamo neno hilo liliongezwa au kuondolewa. Ninapendelea mafaili ya maandishi matupu kuliko programu za kutunzia vipande vya msimbo: grep, amri ya kutafuta maneno ndani ya mafaili, imekuwapo tangu 1973, na maandishi matupu husomeka kwenye kompyuta yoyote.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Dodoma): Shikamoo mwalimu. Nina folda nyingi za miradi ya zamani kwenye diski ya nje, na nyingine hazijawahi kuingia kwenye Git. Je, nianze kwa kuzipitia zote?

Jibu: Marahaba. Usizipitie zote, utachoka kabla hujafika katikati. Ziache zilivyo, na unapohitaji kitu, ingia kwenye diski hiyo na utumie amri hii:

grep -rniI --exclude-dir=node_modules "simu" .

Amri hiyo huruka folda za node_modules, zenye misimbo ya watu wengine. Ukikipata ulichohitaji, kipitishe kwenye hatua nne za kwanza, kisha uendelee na kazi yako.

Swali (Mombasa): Mwalimu, je, naruhusiwa kuweka kwenye hazina yangu msimbo nilioandika kazini?

Jibu: Soma mkataba wako kwanza. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi uliyoitengeneza ukiwa katika ajira huhesabiwa kuwa ya mwajiri, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Omba ruhusa ya maandishi kwa mambo ya jumla kama haya ya namba na tarehe. Usipoipata, usiunakili.

Swali (Tabora): Ninakili msimbo katika kila mradi, au niufanye maktaba inayosakinishwa, yaani kifurushi kimoja kinachotumiwa na miradi yote?

Jibu: Ndugu yangu, nakili kwa miradi miwili ya mwanzo, na uandike juu ya faili tarehe uliyonakili. Mradi wa tatu ukiuhitaji, utakuwa umeshajua ni sehemu zipi hubadilika na zipi hazibadiliki. Hapo ndipo uufanye maktaba yenye namba ya toleo. Kila mradi utaje toleo unalolitumia, ili marekebisho utakayofanya kwa ajili ya duka yasije yakavuruga mfumo wa zahanati.