SOMO: Kununua chakula ugenini bila kuumia mwezi wa kwanza

Ndugu zangu mliofika juzi, na ninyi mnaofunga mabegi, somo hili nawadai siku nyingi. Mgeni na mwenyeji wakiingia duka moja siku moja, mgeni ndiye atatoka na risiti ndefu. Mwenyeji anajua kuisoma rafu. Tuanzie hapo.

Hatua ya 1: Acha kubadili fedha kichwani. Unashika kitu, unapiga hesabu ya fedha za nyumbani, moyo unadunda, unakirudisha. Wiki ya kwanza sawa, hata mimi nilifanya. Baada ya hapo jiulize: hiki ni dakika ngapi za kazi yangu baada ya makato? Kama kazi bado, igawe akiba yako kwa wiki, ujue kila wiki ina kiasi gani cha tumbo.

Hatua ya 2: Soma maandishi madogo. Hapa ndipo pesa ilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kwenye lebo ya rafu kuna bei kubwa, na nchi nyingi chini yake kuna bei ndogo ya kilo moja au lita moja. Hiyo ndogo ndiyo ya kulinganisha. Chukua mfano: pakiti ya gramu 400 inauzwa 3, na pakiti ya kilo moja, yenye bango la rangi kali, inauzwa 8. Mkono unakwenda kwenye kubwa wenyewe. Piga hesabu: ile ndogo ni 7.50 kwa kilo, kubwa ni 8. Umelipia bango.

Bei ndogo isipoandikwa, toa simu ugawe bei kwa uzito, hakuna atakayekucheka. Ukiwa Marekani utakutana na paundi ya uzito, ambayo ni kama gramu 454, na aunsi, kama gramu 28. Kisha inama. Vitu ghali hupangwa usawa wa macho, na bidhaa zenye jina la duka lenyewe, ambazo kwa kawaida ni nafuu, mara nyingi zinakaa chini karibu na miguu. Mchele, chumvi, sukari na unga vya jina la duka sijawahi kuvijutia. Sabuni nilijuta.

Hatua ya 3: Zunguka kabla hujawa mteja wa mtu. Duka dogo la kona linalofungwa usiku wa manane linakuuzia muda, si chakula. Liwe la dharura. Supamaketi kubwa ina kila kitu. Zile za bei ya chini zina aina chache, maboksi hayajapangwa vizuri, na bei ya kikapu kizima hushuka. Soko la wazi ni zuri kwa mboga na matunda, hasa wauzaji wanapoanza kufunga. Maduka ya wahamiaji ndiyo mahali pa viungo na nafaka za kwenu, kwa mifuko mikubwa, ila usinunue humo maziwa na mayai kabla ya kulinganisha.

Hatua ya 4: Daftari la vitu kumi. Andika vitu kumi unavyonunua kila wiki, na bei ya kilo kwa kila duka. Wiki nne zinatosha. Ukiona "ofa" utajua kama ni ofa kweli.

Hatua ya 5: Kwa keshia. Kuna nchi ambazo kodi huongezwa wakati wa kulipa, kwa hiyo jumla inazidi uliyohesabu. Mfuko huenda unauzwa, beba wako. Na chupa! Miezi mitatu nilikuwa natupa chupa tupu. Siku moja nikamkuta mzee mlangoni mwa duka akizitia moja moja kwenye tundu la mashine. Ikatema karatasi, akaenda kulipia mkate nayo. Kumbe kila chupa niliyonunua nilikuwa nimeiwekea amana.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu, vitu vilivyopunguzwa bei kwa sababu tarehe imekaribia ni salama?*

Dada, tarehe ni za aina mbili. "Itumike kabla ya" ni ya usalama, ipo kwenye nyama, samaki na mfano wake: ikipita, tupa. "Ni bora kabla ya" ni ya ladha na ubora. Tambi haziharibiki usiku huo. Nyama yenye punguzo nunua, ukifika tu ipike au itie friza. Angalia pia mpangilio: Marekani mwezi hutangulia siku, hivyo 04/07 ni Aprili 7.

*Lugha siijui kabisa. Nitajuaje kilichomo?*

Elekeza kamera ya simu yenye programu ya kutafsiri. Nchi nyingi viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi kwa uzito. Sukari ikitangulia kwenye kitu kinachojiita cha matunda, umeshapata jibu.

*Kaka, duka la jumla lenye ada ya uanachama linalipa?*

Familia ya watu sita wenye friza, mara nyingi ndiyo. Wewe unayeishi chumba kimoja utamwaga nusu. Tafuta wenzako wawili, mmoja awe mwanachama kama masharti ya duka yanaruhusu, mgawane mzigo na gharama ya usafiri.

*Duka la bei nafuu liko mbali na sina gari. Niagize mtandaoni?*

Tazama mambo matatu: kiwango cha chini cha oda, ada ya kuleta, na kama bei za mtandaoni ni zile za dukani. Mimi huagiza vizito mara moja kwa mwezi, mafuta, mchele, maji ya chupa kama bomba halinyweki, na mboga nazifuata kwa miguu. Ukiletewa kitu mbadala ambacho hukuagiza, uliza kabla ya kupokea. Mara nyingi unaruhusiwa kukirudisha palepale mlangoni.