Kusi ikivuma, angalia maji kabla ya upepo

Kwa wanaovua mshipi huku Kilwa miezi hii ya kipupwe: wengi tunatazama upepo tu, tukiona umetulia alfajiri tunatoka. Kinachozamisha ngalawa mara nyingi ni mlango wa mwamba, ule upenyo wa kutokea bahari kuu, maji yakitoka. Maji yanakimbilia nje, mawimbi ya kusi yanakuja ndani, yanagongana pale pale, na wimbi linasimama wima kama ukuta. Ukiwa pwani huoni kitu. Mimi nilijifunza nikiwa na kopo mkononi, nakumba maji huku mwenzangu akisoma dua.

Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu na maji yakijaa na kukauka sana, maji hukauka kwenye saa nne au saa tano asubuhi na kujaa kwenye saa kumi jioni. Basi toka alfajiri mapema, maji yakiwa bado hayajashika kasi ya kutoka, na urudi saa saba hivi, yakiwa yanaingia. Usingoje jioni, kusi huwa imeshapanda.

Ikichafuka kabisa, acha nje. Upande wa magharibi wa Songo Mnara kisiwa kinakukinga, na changu wapo. Chubwi (risasi ya kuzamishia mshipi) dogo, ndoana ndogo, ngisi umkate vipande vyembamba vya upana wa kidole. Mtoboe mara moja tu kwenye ncha, sehemu iliyobaki icheze majini. Ukimkunja kama mshikaki, changu anamnusa na kupita zake.