Jinsi ya kuhakikisha kaya maskini kweli inaingia TASAF

Jamani, wengi wanadhani hela za Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii Tanzania) unaenda kuziomba ofisini, sivyo, kaya zinatajwa na wanakijiji wenyewe mkutanoni, kwa hiyo siku ya utambuzi ikitangazwa acha shamba, nenda ukae mbele. Kama unamjua bibi analea wajukuu peke yake na wanashindia uji, simama umtaje, maana yeye hataongea, na hao ndo wanaachwaga, inauma sana.

Baadaye watu wa mpango wanapita nyumba kwa nyumba na dodoso, yaani fomu ya maswali, wanauliza nyumba imejengwa na nini, mna mifugo gani, jibuni ukweli tu. Majina yakirudi kusomwa mkutanoni sikilizeni moja moja, na kama kuna mwenye uwezo kaingizwa, hapo hapo ndo pa kupinga.

Mkishaingia tunzeni kadi ya kliniki, kwa sababu sehemu ya ruzuku inategemea watoto waende kliniki na shule, wakikosa inakatwa. Bibi jirani yangu, kadi ya mjukuu wake kaifunga kwenye nailoni, kaichomeka darini isilowe. Mwenye nguvu aulizie pia ajira za muda za mpango, kama kutengeneza mabarabara na malambo, unalipwa.