Kujifua kwa mtihani wa urubani wa kijeshi: tunavyofanya hapa Ngamiani

Mitihani ya kupima uwezo wa kurusha ndege nimeikalia mara mbili. Ya kwanza nilianguka, wala si kwa sababu ya hesabu. Nilinasa kwenye swali moja nikaligombania kama deni, muda ukaisha maswali tisa sijayagusa. Sasa nawanoa vijana wachache hapa barazani kwangu Ngamiani, Tanga, na wengi wanaokuja ni vichwa vikali wenye ugonjwa uleule.

Hatua ya 1: Jua unapimwa nini. Mtahini hatafuti msomi. Anatafuta mtu ambaye macho yake yako kwenye saa za ndege (vile vipimo vya mviringo mbele ya rubani), masikio kwenye redio, mikono kwenye usukani, na bado anakata shauri. Mtihani wa Jeshi la Anga la Marekani, AFOQT, ni wa watu wao, lakini mpangilio wake uko wazi, kwa hiyo naufanya kipimo cha mazoezi. Kusoma majedwali: maswali 40 kwa dakika 7. Kuhesabu matofali yanayogusana: maswali 30 kwa dakika 4 na nusu. Kusoma saa za ndege: maswali 25 kwa dakika 5, yaani sekunde 12 kwa swali. Kwa sekunde 12 huna nafasi ya kubishana na karatasi.

Hatua ya 2: Saa za ndege. Hapa ndipo wengi wanapozama, kwa hiyo nakaa napo sana.

Unaonyeshwa saa mbili, ya upeo na ya dira, kisha picha za ndege. Uchague ipi inaruka hivyo. Kwenye saa ya upeo kuna mstari, ndio pale mbingu inapokutana na ardhi, na umbo dogo la ndege. Umbo likiwa juu ya mstari, ndege inapanda. Hilo halimsumbui mtu. Balaa ni hili: ndege ikilala kulia, yaani bawa la kulia likishuka, mstari unainuka upande wa kulia. Karibu kila mwanafunzi mpya anajibu kinyume.

Dawa yake haipo darasani. Nawapeleka Raskazone tunapanda mashua. Kaa uangalie omo, mbele ya chombo. Chombo kikilalia kulia, bahari ya kulia inaonekana kama inakupandia. Bahari haijainuka, mmeinama ninyi na chombo chenu. Kijana akishaliona hilo kwa macho yake, halimtoki tena.

Kisha picha. Chukulia daima umesimama ukitazama kaskazini. Ndege inayokwenda kaskazini unaiona mkia, ya kusini inakukodolea pua, ya mashariki pua iko kulia kwako. Mtego uko kwenye ile ya kusini: bawa lake la kulia liko kushoto kwako. Vua kandambili, ishike vidole mbele kama pua ya ndege, igeuze ikutazame, kisha ilaze kulia kwake. Utacheka, lakini fanya hivyo mara ishirini.

Soma dira kwanza. Mara nyingi majibu mawili yanakufa papo hapo, na upeo unamalizia kazi.

Hatua ya 3: Mwendo, umbali na muda. Usiandike kanuni. Gawa kasi kwa 60 upate kilomita za dakika moja. Kilomita 240 kwa saa ni 4 kwa dakika. Chukulia Muheza iko kilomita 36: dakika 9. Kasi isipogawanyika vizuri, isogeze hadi namba ya karibu, halafu chagua jibu linaloelekea huko.

Hatua ya 4: Mikono na miguu. Kwenye baadhi ya mitihani sehemu hii hufanywa kwa kompyuta: unafukuza alama kwenye skrini kwa usukani wa mkono na pedali za kusukuma kwa miguu. Ukivuta usukani kwako, pua inapanda. Wacheza gemu hawana shida mpaka wafike kwenye pedali, na sisi watu wa Tanga baiskeli zimetuharibu. Kwenye baiskeli ukisukuma mkono wa kulia mbele, unakata kushoto. Kwenye pedali ukisukuma mguu wa kulia mbele, pua inakwenda kulia. Programu ya FlightGear, ya kuigiza urubani kwenye kompyuta, ni ya bure. Tafuta na pedali za kuazima.

Hatua ya 5: Kumbukumbu. Mwenzio akusomee tarakimu sita, uzirudishe kinyumenyume huku ukimenya chungwa. Zikikaa, ongeza ya saba. Ukiwa kwenye daladala, soma namba ya gari la mbele, ujumlishe tarakimu zake kabla halijapotea.

Hatua ya 6: Kuachia. Weka kengele ya simu ilie kila sekunde 12. Ikilia, kalamu iende swali linalofuata, hata kama jibu liko ncha ya ulimi. Wiki ya kwanza alama zitashuka na utanichukia. Vumilia.

Kwenye AFOQT jibu baya halikukati alama, kwa hiyo sekunde za mwisho jaza kila palipo wazi, hata kwa kubahatisha. Mitihani mingine ina sheria zake. Soma maelekezo ya mwanzo neno kwa neno. Na nafasi za JWTZ zifuate kwenye matangazo ya jeshi lenyewe. Akija mtu anadai ana ndugu mkubwa jeshini na anataka "ya chai" akuingize, mpe chai ya tangawizi, umsindikize mlangoni.