Kabla hujaanza kutembea kwenye tredmili huku unapiga kazi, soma hapa kwanza

Naandika hii nikiwa nimekaa kwenye kiti, na sitanyanyuka mpaka nimalize, kwa sababu kisigino changu cha kulia ndo kwanza kimeanza kunisamehe. Kwa hiyo wale wa kwenye tangazo wanaotembea huku wanatabasamu achana nao, nisikilize mimi.

Pima meza kabla hujatoa hela. Watu wananunua ile tredmili bapa, mashine yenye mkanda unaozunguka unaotembea juu yake, ya kusukumiza chini ya meza halafu mzigo ukifika ndo wanagundua meza yao ni ya kukalia. Na hata kama unayo ya kusimamia, usiipime ukiwa sakafuni, maana mashine inakunyanyua sentimita kumi na kitu hivi, panda juu yake ukiwa na raba zako miguuni, kunja viwiko kama herufi L, hapo viganja vilipofika ndo kibodi ikae. Laptopu peke yake haitoshi kabisa, ukiiweka usawa wa mikono shingo inainama kutwa nzima, ukiipandisha usawa wa macho mikono inabaki inaning'inia, tafuta kibodi ya pembeni na hapo hatujadiliani.

Umeme chomeka moja kwa moja ukutani, sio kwenye ekstensheni ambayo tayari imebeba pasi na feni. Angalia uzito wa juu ambao mashine inabeba na usichukue ile inayokutosha kwa kubana. Nyuma yako acha kama mita 2 wazi, ukuta ukiwa karibu siku ukiteleza mkanda unakubana hapo hapo.

Raba vaa. Tutarudi hapo.

Sasa spidi. Ukitembea kawaida barabarani unaenda kama kilomita 5 kwa saa, hapa mezani unataka 1.5 mpaka 3, basi. Kuna utafiti wa daktari James Levine na mwenzake wa hospitali ya Mayo Clinic kule Marekani, ulitoka 2007, watu waliachiwa wachague mwendo wao wenyewe huku wanafanya kazi wakaangukia wastani wa maili 1.1 kwa saa, yaani hata kilomita 2 haifiki, na bado walichoma kalori zaidi ya mara mbili ya wakiwa wamekaa. Kwa hiyo usione aibu kwenda taratibu. Ila cheki mashine yako inasoma maili au kilomita, ukiweka 3 ukidhani ni kilomita kumbe ni maili utajikuta unafukuzwa.

Na huo mwendo wa taratibu ndo ulionimaliza mimi. Siku ya kwanza niliweka 2.5, nikaona hakuna jasho wala kuhema, nikajibu email, nikapitia ripoti, kuja kushtuka masaa mawili yameisha na najisikia vizuri balaa. Kesho yake matatu. Alhamisi manne, na hapo nina soksi tu, si niko ndani kwangu, raba za nini. Piga hesabu mwenyewe, masaa manne kwa 2.5 ni kilomita 10 kwa siku, na mimi hapo kabla safari yangu ndefu ilikuwa kutoka kitandani mpaka kwenye kompyuta. Lakini kwa kuwa sikuchoka, kichwani sikuhesabu kama ni mazoezi.

Jumamosi asubuhi nashusha mguu kitandani nikahisi kama nimekanyaga msumari. Nikainua mguu nikaangalia, hamna kitu. Nikachechemea mpaka chooni, kurudi maumivu yamepungua, hadi naenda kunywa chai yameisha, nikasema ah kumbe nililala vibaya. Hapo ndo inapokudanganya, inauma hatua za kwanza, ukipata joto inatulia, unajiona umepona unapanda tena mashine, kesho asubuhi msumari upo pale pale na umeongezeka kimo. Nikaenda hivyo wiki tatu, ubishi tu.

Mtaalamu wa viungo aliponibonyeza chini ya kisigino niliruka. Akaniuliza umebadilisha nini siku hizi, nikamwambia hamna, natembea tu. Akasema kilomita ngapi? Nikanyamaza. Akanieleza kwamba chini ya unyayo kuna utepe mgumu unaotoka kisiginoni kwenda vidoleni, na huo kuzoea mzigo mpya unachukua muda mrefu kuliko pumzi na misuli, kwa hiyo mwili unakwambia twende wakati unyayo umeshasalimu amri. Halafu kwenye mashine hakuna kona, hakuna kokoto wala kusimama kupisha gari, ni hatua ile ile kwa pembe ile ile maelfu kwa maelfu. Dawa ikawa kuacha mashine, kunyoosha misuli ya nyuma ya mguu nikiwa nimeegemea ukuta, kubiringisha chupa ya maji yaliyoganda chini ya unyayo, na raba hata ndani ya nyumba. Miezi mitano! Kwa kitu ambacho nilikiona chepesi.

Kwa hiyo wiki ya kwanza dakika 20 asubuhi na 20 mchana, raba zimefungwa, ukimaliza shuka hata kama unajisikia kupaa. Wiki inayofuata ongeza dakika 10 kwenye kila awamu, sio zaidi. Asubuhi hatua za kwanza zikianza kuuma, siku hiyo hupandi, usinijie na habari za "nitafanya kidogo tu".

Kazi nazo chagua. Kusoma, email fupi na vikao vya kusikiliza vinaenda. Mahesabu na kazi ya mausi inayotaka umakini, kaa chini, mkono hautulii. Na kwenye kikao zima kamera, bosi wangu aliniuliza kama niko kwenye basi.

Simamisha mkanda kabla ya kushuka, kila mara, hata kama unafuata kalamu tu. Mwenzangu alishuka kufungua mlango akaacha unazunguka, akarudi anasoma simu, goti likachunika lote. Ile klipu ya kujibana kwenye nguo, kama mashine yako inayo, ibane. Ukishashuka shika meza kwanza kidogo, sakafu itakuwa kama inatembea.

Mengine ya haraka haraka: mkanda ukikauka weka mafuta ya silikoni, sio ya kupikia jamani, ukihama upande kaza skrubu za nyuma robo mzunguko halafu subiri uone. Ukimaliza chomoa kabisa, watoto na paka wanaupenda ule mkanda. Mwenye shida ya moyo, kizunguzungu, mjamzito, au mwenye kisukari ambaye miguu inakufa ganzi, aongee na daktari kwanza, huyo wa ganzi hasa maana lengelenge litatoka na hatalisikia. Kikombe cha chai weka mbali na kibodi, waya wa chaja usining'inie mbele ya miguu, na kamba za raba funga fundo mbili.