Kuomba hukumu ya muhtasari kwa maneno ya shahidi mwenyewe

Somo hili ni la wenye kesi za madai katika mahakama za shirikisho za Marekani. Kule, kabla kesi haijafika mbele ya juri, yaani raia walioteuliwa kuiamua, shahidi huapishwa na kuhojiwa na mawakili, kila neno likinakiliwa. Mahojiano hayo, deposisheni, kwa kawaida hayavuki siku moja ya saa 7. Kanuni ya 56 ya mwenendo wa madai katika mahakama hizo inakuruhusu kuyatumia kuomba hukumu ya muhtasari, yaani jaji aamue bila kesi kwenda kusikilizwa, pale ambapo mambo ya msingi hayana ubishi wa kweli.

Kwanza, orodhesha unayotakiwa kuthibitisha kisheria. Usifungue nakala ya mahojiano kabla ya hapo. Utapigia mstari kila kinachokuvutia na kubaki na rundo.

Pili, kila jambo lipe ukurasa na mstari wake. Jaji halazimiki kukutafutia. Tuseme mteja kateleza dukani, na meneja amehojiwa. Ukurasa wa 42, mstari wa 7: "Dimbwi uliliona lini?" "Dakika kama 20 kabla hajaanguka." "Ukafanya nini?" "Niliendelea na hesabu." Usiandike kwamba meneja alikiri uzembe. Andika alichosema: aliliona, zikapita dakika 20, akaendelea na hesabu. Halafu soma na mstari wa 16! Kama pale anasema alimtuma kijana akapanguse, nawe umeukata, upande wa pili watauleta, na jaji hatakuamini tena hata kwenye yaliyo kweli.

Tatu, ambatanisha kurasa husika za nakala, ukurasa wake wa jalada, na cheti cha mwandishi wa mahakama aliyeinakili.

Swali: Mwalimu, shahidi wao sasa kaleta hati ya kiapo inayopinga majibu yake mwenyewe. Tumekwama?

Jibu: Si lazima, ndugu yangu. Tangu kesi ya Perma Research dhidi ya Singer, 1969, mahakama nyingi hukataa hati inayogeuza jibu la wazi bila maelezo. Akifafanua swali lililokuwa na utata, hapo hati hupokelewa.

Swali: Mama yangu alihojiwa kwa Kiswahili, mkalimani akakosea. Afanye nini?

Jibu: Pole sana, dada. Kama mapitio ya nakala yaliombwa kabla mahojiano hayajafungwa, ana siku 30 tangu aarifiwe kuwa nakala iko tayari. Aandike kila badiliko na sababu yake, kisha asaini. Baadhi ya mahakama hazikubali "ndiyo" igeuzwe "hapana", kwa hiyo aeleze waziwazi: yeye alitamka neno gani, na mkalimani akasema lipi.