Somo: Kupima na kuchanganya chumvi ya tangi la bahari bila kubahatisha

"Vikombe vingapi kwa ndoo moja?" Swali hili halikauki hapa jukwaani, na jibu halijawahi kubadilika: hakuna vikombe. Kuna gramu, kuna lita, na kuna kipimo kilichosawazishwa. Nimeandika yote mahali pamoja. Atakayeuliza tena ataelekezwa hapa.

Tunalenga 35, yaani gramu 35 za chumvi katika kila kilo ya maji, kama bahari yenyewe. Kwa anayetumia haidromita (kifaa kinacholinganisha uzito wa maji yako na wa maji safi), ni 1.026 maji yakiwa nyuzi 25.

1. Maji. Ya mfereji hayafai moja kwa moja. Kisumu yametiwa klorini. Klorini inatoka kwa dawa, lakini fosfeti na naitreti zinabaki na kulisha mwani. Nakuru, visima vingi vina floridi. Tumia maji ya RO (yaliyosukumwa kupitia utando unaochuja madini) yaliyopita pia kwenye resini (punje zinazonasa madini yaliyobaki), mita ya TDS, inayopima vitu vilivyoyeyuka, isome 0. Ukinunua kwenye duka la kujaza mitungi, beba mita yako mfukoni, maana wengine hurudisha madini baada ya kuchuja ili maji yawe na ladha. Maji ya mvua yaliyoteremka kwenye mabati ni hapana: yana zinki, na zinki huua konokono na kamba mapema, samaki bado anaonekana mzima.

2. Ndoo. Isiwe imewahi kubeba rangi wala sabuni. Mimina lita 20 kwa jagi la kupimia, chora mstari kwa kalamu isiyofutika. Usiamini maandishi ya kiwandani.

3. Tia pampu ndogo, maji yazunguke. Nakuru ongeza hita hadi nyuzi 25. Kisumu mara nyingi hita haihitajiki.

4. Pima chumvi kwa mizani. Chumvi nyingi za matangi huchukua kama gramu 38 kwa lita kufika 35, lakini soma mfuko wako. Kwa lita 20 hiyo ni gramu 760. Anza na 680, utaongeza baadaye. Kabla ya kuchota, funga mfuko na uugeuze juu chini mara kadhaa, kwa sababu punje nzito na nyepesi hutengana safarini.

5. Chumvi inaingia kwenye maji. Maji hayamiminwi juu ya chumvi, hata kama una haraka. Ukimwaga maji juu ya lundo la chumvi, yale ya chini kwa dakika chache yanakuwa makali kupindukia. Kalsiamu na kaboneti zinashikana, zinageuka chokaa na kuganda chini ya ndoo. Chokaa hiyo hairudi kwenye maji hata ukoroge hadi jioni. Ubaya ni kwamba kipimo cha chumvi hakitakwambia: kitasoma 35 safi kabisa huku kalsiamu na alkalini (akiba inayozuia maji yasigeuke asidi) zimepungua. Kwa hiyo mwaga kidogo kidogo, pampu ikifanya kazi, kwa dakika tano hivi. Ukungu mweupe mwanzoni si tatizo. Ukibaki na gamba jeupe linalokwaruza ukipitisha kidole, hiyo ndoo si ya matumbawe.

6. Acha izunguke hadi maji yaonekane kama hayapo. Saa chache zinatosha kwa chumvi nyingi. Kuiacha siku tatu hita ikiwaka hakuongezi kitu, kunaongeza gamba tu.

7. Kusawazisha refraktomita, yaani kifaa kinachosoma chumvi kwa jinsi maji yanavyopinda mwanga. Hapa ndipo matangi mengi yanapoharibikia, na mwenye tangi hajui.

Watu wanadondosha maji safi kwenye kioo, wanazungusha skrubu hadi isome 0, wanaridhika. Umethibitisha sifuri tu. Kifaa kinaweza kusoma 0 sawasawa na kukosea pale kwenye 35 unapokihitaji. Isitoshe, nyingi za bei nafuu zimetengenezewa maji ya chumvi ya kawaida, na hizo husoma maji halisi ya bahari ya 35 kama 36.5. Unaamini chumvi imezidi, unapunguza, kumbe ilikuwa sawa.

Sawazisha kwa maji ya kipimo cha 35. Yanauzwa, lakini unaweza kuyatengeneza: gramu 36.5 za chumvi ya mezani iliyokauka, na gramu 963.5 za maji ya RO. Jumla kilo moja kamili. Mchanganyiko huu hupinda mwanga sawa na maji ya bahari ya 35, kwa hiyo zungusha skrubu hadi mstari ukae kwenye 35. Ndiyo, umeweka 36.5 na unasoma 35. Si kosa la uchapaji.

Tahadhari. Chumvi iliyofyonza unyevu inakudanganya, basi ikaushe kwanza kwenye sufuria kavu na uiache ipoe. Maji nayo yapimwe kwa mizani, si kwa chupa. Mizani ya jikoni inayoruka gramu moja moja inaweza kukukosesha karibu nusu gramu. Ya vito, yenye desimali moja, ni bora. Tone likae kwenye kioo nusu dakika kabla ya kusoma ili lilingane joto na kifaa. Chupa ya maji ya kipimo ifungwe kabisa, maana ikivuja mvuke si 35 tena.

8. Rekebisha. Imepungua: (35 toa ulichosoma) × lita × 1.1 = gramu za kuongeza. Ukisoma 32 kwenye lita 20, ongeza 66. Imezidi: ukisoma 38 kwenye lita 20, ongeza lita 1.7 za maji ya RO. Zungusha tena, pima tena.

MASWALI

mjomba_kondele: Kwa hivyo chumvi ya mezani inafaa, si umeandika mwenyewe hapo juu? Tuwache kununua hizi za bei ghali.

Mwenye somo: Hatua ya 7 ni ya kusawazisha kifaa. Kifaa hakina figo. Soma tena, polepole.

mwalimu_kakamega: Naomba kuelewa. Chumvi yetu inakaushwa pwani, upande wa Malindi, kutoka bahari hiyo hiyo. Kwa nini ukiirudisha kwenye maji haiwi bahari?

Mwenye somo: Swali zuri, mwalimu. Maji ya bahari yakikauka, vitu haviangukii pamoja. Chokaa hutangulia, ikifuatwa na jasi, kisha chumvi ya kawaida. Magnesiamu na potasiamu hubaki kwenye maji machungu yanayoondolewa kabla chumvi haijazolewa. Kilo moja ya maji ya bahari ina karibu gramu 1.3 za magnesiamu, 0.4 za kalsiamu na 0.4 za potasiamu. Chumvi ya mezani imeviacha karibu vyote huko kwenye mabwawa. Kipimo kitasoma 35, lakini konokono hawezi kujenga gamba kwa sodiamu.

sekseni58: Niko karibu na Ziwa Nakuru. Nikichota pale si tayari ni maji ya chumvi?

Mwenye somo: Hapana. Ni magadi, pH inazunguka 10. Bahari ni kama 8.2. Na ziwa liko ndani ya mbuga.

sekseni58: Nilikuwa nauliza tu.

Mwenye somo: Na nimejibu tu.

binti_milimani: Nina haidromita ya mkono wa plastiki. Leo inasoma 1.028, jana 1.024, na sijaongeza chochote.

Mwenye somo: Viputo, dada. Viputo vikiganda kwenye mkono huuinua na kipimo kinapanda. Gongagonga kwa kidole hadi vitoke. Kinyume chake, mkono wenye gamba la chumvi huwa mzito na husoma chini. Loweka kwenye siki, suuza. Kama bado inarukaruka baada ya hapo, nunua refraktomita.

fundi_bungoma: Maji kwenye tangi yamepungua kwa mvuke. Naongeza maji ya chumvi ya kipimo gani?

Mwenye somo: Hakuna. Mvuke unaondoka, chumvi inabaki. Jaza kwa RO tupu. Lita 200 zikipoteza 4, 35 inakuwa 35.7, ukijaza kwa maji ya chumvi umeibana hapo, na wiki ijayo inapanda zaidi.

mwalimu_kakamega: Maji ya betri ya kituo cha petroli je? Si yamesafishwa?

Mwenye somo: Yakisoma 0 kwenye mita, yanafaa, ila mfuko utalia. Soma lebo mara mbili: asidi ya betri huuzwa kwenye chupa zinazofanana.

binti_milimani: Na yale yanayochujwa kwa mkaa wa mifupa huku Nakuru?

Mwenye somo: Mkaa huo umewekwa kwa ajili ya floridi na kwa kunywa unasaidia. Chumvi nyingine zinapita kama zilivyo, na mfupa wenyewe ni kalsiamu na fosfeti. Yapitishe RO kwanza.

fundi_bungoma: Nyongeza kwa wa Nakuru: mji uko karibu mita 1,850 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, oksijeni kwenye maji inapungua kama moja ya tano. Stima ikipotea, tangi la huko halina subira kama la Mombasa. Wekeni pampu ya hewa ya betri.

Mwenye somo: Sahihi kabisa, na maji ya chumvi hushika oksijeni kidogo kuliko maji yasiyo na chumvi hata stima ikiwepo.

mjomba_kondele: Sawa, nimesoma tena. Maji yanayotupwa na RO, nayafanyia nini? Ni mengi.

Mwenye somo: Hilo ni swali, mjomba. Choo na kuosha gari. Wa Nakuru wasiyanywe, floridi imejikusanya humo. Na maji ya zamani ya tangi yasimwagwe kwenye sukuma wiki.